Dawa Ileile, Dozi Tofauti: Kwa Nini Mahitaji ya Dawa ya Thairoidi Hubadilika



Tumekuja na swali ambalo wagonjwa hujiuliza wanapochukua dawa: "Mwaka jana niliandikiwa mikrogramu 50, leo naambiwa nimeze 100. Je, dawa imeisha nguvu, au daktari alikosea?" Mara nyingi si hili wala lile. Kilichobadilika ni mwili wenyewe.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo. Hutengeneza homoni inayoongoza kasi ya kazi za mwili: mapigo ya moyo, joto, uzito, hata usagaji wa chakula. Tezi inapolegea, au inapoondolewa kwa upasuaji wa rovu, mgonjwa hupewa levothairoksini. Dawa hii haiponyi tezi, bali huziba pengo lake. Pengo likipanuka au likipungua, dozi nayo hufuata.

Sababu ya kwanza ni umri na hali ya mwili. Tezi iliyolegea huweza kuzidi kuchoka mwaka hadi mwaka. Uzito ukibadilika sana, mahitaji hubadilika pia. Wazee, hasa wenye maradhi ya moyo, huanzishiwa dozi ndogo na kuongezewa polepole.

Sababu ya pili ni ujauzito. Mahitaji hupanda mapema, mara nyingi kwa robo hadi nusu ya dozi ya awali, kwa kuwa ubongo wa mtoto katika miezi ya kwanza hutegemea homoni ya mama. Mama atumiaye dawa hii, akijua ni mjamzito, aende kituoni mara moja. Vidonge vya madini chuma vitolewavyo kliniki asiviache. Ila vikimezwa pamoja na levothairoksini huizuia isiingie mwilini. Vitenganishwe kwa saa 4 au zaidi. Vidonge vya kalsiamu na baadhi ya dawa za kiungulia huleta tatizo lilelile.

Sababu ya tatu ni dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu, pamoja na kabamazepini na fenitoini za kifafa, huufanya mwili uimalize homoni haraka. Mwelezeni mhudumu dawa zote mnazotumia, na mrudi kwake mnapomaliza mojawapo, kwani huenda dozi ikahitaji kushushwa.

Hata hivyo, kabla ya dozi kuongezwa, tujiulize kama dawa ilitumiwa ipasavyo. Imezwe tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Ibaki katika pakiti yake, mbali na jua, jiko na unyevu, maana joto huipunguza nguvu. Msimu wa korosho au ufuta ukiwapeleka shambani kwa majuma kadhaa, ondokeni na dawa ya kutosha.

Dozi hupangwa kwa kipimo cha damu, ambacho hurudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya mabadiliko. Kipimo hiki hakipatikani katika kila zahanati. Ulizeni hospitali ya wilaya mtakapoelekezwa. Dawa hii hukaa mwilini siku nyingi, hivyo kujiongezea kidonge leo hakuleti nafuu kesho, bali huweza kuuchosha moyo. Uchovu, kuhisi baridi, kufunga choo na kunenepa huweza kuashiria upungufu. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukosa usingizi na kukonda huweza kuashiria kuzidi. Dalili hizo ni za kupelekwa kwa daktari, si za kujipimia dozi nyumbani.

Tunawasihi mambo matatu. Msiache dawa kwa sababu mmepata nafuu; nafuu hiyo imeletwa na dawa. Msimgawie jirani mwenye uvimbe shingoni, kwani huenda tezi yake inazalisha homoni kupita kiasi, nayo dawa yenu ikamdhuru. Tunzeni boksi la dawa na kulionyesha kila mnapokwenda kituoni, ili mtengenezaji akibadilika, mhudumu ajue. Mkipata madhara, toeni taarifa kituoni.

Dozi kubadilika si ishara kwamba tiba imeshindwa. Ni ishara kwamba mgonjwa anafuatiliwa.