Homa ya Mgonjwa Anayepewa Dawa za Kansa
(Mazungumzo ya muuguzi na wakazi wa Mantapala, wilaya ya Nchelenge)



Leo nasema juu ya homa. Mtaniambia: homa tunaijua, ni malaria. Hapa kando ya ziwa Mweru malaria ni nyingi kweli, mwaka mzima. Lakini yuko mgonjwa mmoja ambaye homa yake haingoji kesho: yule aliyetoka kupewa dawa za kansa.

Dawa hizo huua kansa, lakini pia huzuia uboho wa mifupa kutengeneza chembechembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili. Mara nyingi askari hao hubaki wachache kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Sasa fikirieni safari. Mtu anatibiwa katika Hospitali ya Magonjwa ya Kansa mjini Lusaka, anaruhusiwa, anapanda basi, kama kilomita 1,000. Siku zake za hatari zinamkuta hapa kwetu, mbali na madaktari wake.

Siku hizo kidonda huenda kisitoe usaha, maana usaha hutokana na askari hao, nao hawapo. Homa inaweza kuwa alama peke yake. Kipimajoto kikionyesha 38.3 mara moja, au 38 kwa muda wa saa moja, mleteni kliniki saa ile ile, hata usiku. Kama hamna kipimajoto, mwili wa moto au kutetemeka kunatosha. Msimpe panadol kabla hajapimwa. Itashusha joto na kutudanganya sote.

Mkifika, onyesheni karatasi ya hospitali na mtaje tarehe ya dawa ya mwisho. Malaria itapimwa. Ikionekana, itatibiwa, lakini vijidudu vingine vinaweza kuwamo ndani ya damu pia. Antibiotiki inatakiwa ianze ndani ya saa moja, ndipo mgonjwa apelekwe hospitali ya St. Paul's, Kashikishi.

Mama mmoja aliniuliza: mnajuaje nani atazidiwa? Swali zuri sana. Tangu mwaka 2000 madaktari wana hesabu ya alama iitwayo MASCC. Presha ikiwa haijashuka, alama 5. Mwili ukiwa haujakauka maji, 3. Umri chini ya miaka 60, 2. Yako na mengine, jumla 26. Mwenye 21 au zaidi hatari yake ni ndogo, na mahali pengine hupewa vidonge akarudi nyumbani. Mimi naona kwetu, barabara ikiwa matope, hata huyo alale karibu na hospitali. Wala msijihesabie nyumbani. Na hesabu hiyo ni ya watu wazima. Mtoto apelekwe tu.

Huko nyumbani, asichanjwe chale, asitiwe dawa kwa njia ya haja kubwa: hapo ndipo vijidudu hupita. Bukari, sombe na samaki ale vikiwa vya moto, maji yachemshwe. Mwenye mafua amsalimie kwa mbali.

Karatasi ya hospitali itieni ndani ya mfuko wa plastiki. Mvua za hapa mnazijua. Haya, nani ana swali?