Rangi na vyuma kisha vita: juu ya nini tuvipe nafasi

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama



Leo tunaleta neno ambalo wengine wataona haliko la lazima: kazi ya sanaa kwa vijana waliorudi. Tunajua swali liko moyoni mwenu. Nyumba hazijapata mabati, mbegu hazitoshi, na sisi tunaomba rangi na vyuma? Swali ni la haki. Tunajibu.

Kule Kinshasa kuko fundi wa sanamu, Freddy Tsimba, aliyezaliwa mwaka 1967. Anachukua maganda ya masasi, yale yanayobaki chini kisha bunduki kulia, anayaunganisha na moto mpaka yanakuwa mwili wa mtu. Mara nyingi ni mwanamke, pengine mwenye mimba, pengine hana kichwa. Alijenga pia nyumba kwa mapanga. Sisi sote tunajua panga: asubuhi linaenda shambani, na wakati wa vita tuliliona likifanya kazi ingine. Mbele ya nyumba ile hakuna haja ya mtu kukuelezea.

Mwaka 2018 sanamu yake ya maganda ya masasi, Porteuse de vies, maana yake mwanamke mwenye kubeba uhai, iliwekwa Paris katika jumba la Chaillot. Ndipo Tangazo la Haki za Binadamu lilipitishwa tarehe 10 Desemba 1948. Anayeingia pale anakutana na karatasi ya haki na chuma cha vita pamoja.

Hapa kwetu inatuhusu namna gani? Mashirika yanakuja na fomu: mulikimbia lini, mulipoteza nani, mulipoteza nini. Mama anaeleza, wanaandika, wanaenda. Kesho wengine wanakuja na maswali yale yale. Lakini kijana anayechora au anayeunganisha vyuma, ni yeye anachagua cha kuonyesha na cha kuweka moyoni. Hiyo ni heshima ambayo fomu haitoi.

Ila tunaweka masharti matatu.

Kwanza, mtoto yeyote asiende kuokota masasi eti afanye kama Tsimba. Kando ya ganda tupu kunaweza kuwa bomu ambalo halijalipuka. Mukiona kitu kama hicho musiguse, musisogeze. Murudi kwa njia muliyopitia na mujulishe chefu. Vijana wetu watatumia sufuria zilizotoboka, vijiko, mabati ya zamani.

Pili, mtu asilazimishwe kuchora vita. Akitaka kuchora mbuzi wake, achore mbuzi. Na picha yake isitumwe kwa mfadhili bila yeye kukubali.

Tatu, pesa ya mabati na mbegu isiguswe. Kazi hii itafutiwe mfuko wake. Wafadhili, hapo ndipo tunawaomba mkono.

Bati litamkinga mtu na mvua, nasi tutaendelea kulidai. Lakini mtu aliyerudi anahitaji pia kusema mwenyewe yaliyompata, kwa mikono yake, siku anayotaka yeye. Tunaomba mkutano ujadili masharti haya na kuamua leo.