MJUMBE ATOKAPO MKUTANONI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Ndhiwa)



Hesabu ya fedha za chama mmekwisha kuisikia kwa Mweka Hazina, na habari za karo na za misiba mmezisikia kwa Katibu. Kamati imetupa sisi kazi ya kusema juu ya mambo yanayoamuliwa mbali na mkutano huu, nayo yagusa mashamba yetu, barabara zetu na watoto wetu. Kila mwaka wajumbe wetu huenda kwenye mikutano mikubwa, nao hurudi na maneno mengi mazuri. Twapenda kuzungumza nanyi juu ya yale yanayotupasa kuwauliza warudipo.

Jambo hili si geni kwetu. Mwezi Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Walikuwa wanane tu kwa nchi nzima, na Nyanza Kusini ilimpeleka Bwana Lawrence Oguda. Si kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura. Ilitazamwa elimu, kipato na mali ya mtu, hata mmoja akawa na kura moja, jirani yake kura tatu, na wa tatu akakaa nyumbani. Januari 1960 wajumbe Waafrika walikwenda London kwenye mkutano wa Lancaster House, nao wakarudi na ahadi kwamba Waafrika watakuwa wengi katika Baraza.

Mkutano wa pili wa Lancaster House, mwaka 1962, ulikubali kuwe na serikali za majimbo. Katiba ya 1963 ikaziandika, na kabla mwaka 1964 haujaisha mabaraza yale yalikuwa yamepokonywa nguvu zake. Wako waliofurahi, na wako waliosikitika. Hatukuja leo kuwahukumu. Lakini twajifunza neno moja: azimio halijilindi lenyewe. Likishaandikwa lataka watu wa kulifuata, la sivyo huondoka kwa kalamu ile ile iliyolileta.

Leo twawakilishwa na watu wengi kuliko baba zetu. Tuna Mbunge wa Ndhiwa katika Bunge la Taifa, Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti, Seneta, Gavana, na mjumbe wa kila kata katika Baraza la Kaunti ya Homa Bay. Katiba ya 2010 imeamuru kwamba kaunti 47 zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokwisha kukaguliwa. Kwa mwaka wa fedha 2024/25 fungu la kaunti zote lilikuwa shilingi bilioni 387, na kwa mwaka wa 2025/26 likawekwa kuwa bilioni 415. Fungu hilo hubishaniwa kila mwaka baina ya Bunge la Taifa na Seneti, na magavana nao hupaza sauti.

Basi kuna mkutano wa ugatuzi, ambao magavana, maseneta na mawaziri hukutana kuyasema hayo. Ulianza Kwale mwaka 2014, ukazunguka Kisumu, Meru, Kakamega na kwingineko, na mwezi Agosti 2025 ukafika Homa Bay penyewe. Kwa mara moja wakubwa wa nchi ndio waliosafiri, nasi tulikuwa wenyeji. Hiyo ni heshima, nasi twashukuru. Lakini mgeni akiisha kwenda, mwenyeji hufagia ua na kuhesabu vyombo. Yatupasa kuuliza: katika yale yaliyosemwa hapa kwetu, lipi limeingia katika makadirio ya fedha ya kaunti? Ni barabara ipi ya Kanyamwa, au zahanati ipi ya Kabuoch, iliyopata fungu kwa sababu ya mkutano ule? Makadirio ya kaunti ni waraka wa watu wote, na kila mmoja wetu ana haki ya kuusoma.

Sasa tuje kwenye miwa, maana ndiyo mali yetu kubwa. Kiwanda cha serikali cha Awendo kiliandikishwa mwaka 1976, na baadaye Ndhiwa ikapata kiwanda chake cha watu binafsi. Mkulima apandaye miwa leo hungoja mwaka na zaidi, pengine miezi kumi na minane, ndipo akate. Katika muda huo hulipia mbegu, mbolea na palizi, na watoto hawaachi kwenda shule. Muwa ukishakatwa nao haungoji: kila siku ulalapo kando ya barabara mbovu hupoteza uzito na utamu. Kwa hiyo barabara ya shamba na siku ya malipo ni mambo makubwa kwa mkulima kuliko hotuba yoyote, na hii yetu ikiwamo.

Mwezi Novemba 1, 2024 Sheria mpya ya Sukari ilitiwa sahihi. Imerudisha Bodi ya Sukari ya Kenya, iliyokuwa imevunjwa na kuingizwa katika halmashauri ya mazao yote. Imerudisha pia ushuru wa kuendeleza sukari, usiozidi shilingi 4 katika kila shilingi 100 za thamani ya sukari, ile itengenezwayo hapa na ile iletwayo kutoka nje. Katika ushuru huo fungu kubwa kuliko yote ni la kuendeleza miwa yenyewe, na fungu jingine ni la barabara na madaraja ya maeneo ya miwa. Basi wajumbe wetu walioipitisha sheria ile na watuambie: Ndhiwa imepata nini katika fungu la miwa, na ni daraja gani limepangiwa fedha katika fungu la barabara? Mwezi Mei 2025 viwanda vinne vya serikali, na cha Awendo kikiwamo, vilikodishwa kwa makampuni kwa miaka 30. Mtoto azaliwaye leo atakuwa na watoto wake kabla mkataba huo haujaisha. Mkataba wa namna hiyo hautoshi kusikilizwa kwa mbali kama ngoma ya jirani.

Kuna mikutano mingine iliyo mbali zaidi, na bei ya miwa yetu hukaa humo. Tangu miaka ya mwanzo ya karne hii Kenya ilipewa kinga na nchi za soko la pamoja la COMESA, ili sukari rahisi kutoka nchi hizo isiingie bila kipimo. Mawaziri waliongeza kinga hiyo mara kwa mara, na mwaka 2023 wakaiongeza miaka miwili, hadi Novemba 2025. Kila mara nchi yetu iliahidi kwamba viwanda vitatengenezwa na gharama zitashuka. Mkulima wa Kanyadoto hakuketi katika mikutano hiyo, lakini ndiye alipaye ahadi isipotimizwa.

Pengine mtu atasema kwamba maazimio ya mbali hayawezi kamwe kufika kijijini. Twamjibu kwa mfano wa hapa hapa. Mwaka 2012 uchunguzi uliofanywa Ndhiwa na Madaktari Wasio na Mipaka ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na virusi vya UKIMWI. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliweka shabaha za mwaka 2020: watu 90 katika kila 100 wenye virusi wajue hali yao, 90 katika kila 100 ya hao watumie dawa, na 90 katika kila 100 ya hao virusi vyao vipungue kabisa. Hayo nayo yalikuwa maneno ya mikutanoni. Lakini wahudumu wa afya walikwenda nyumba kwa nyumba, zahanati zikapewa kazi, wazee na akina mama wakanena waziwazi. Uchunguzi wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Ndhiwa ilikuwa imezifikia shabaha hizo kabla ya wakati. Palikuwa na hesabu iliyojulikana na kila mtu, palikuwa na tarehe, na palikuwa na mtu wa kuulizwa.

Kwa hiyo Kamati yaleta shauri hili mbele yenu. Mjumbe yeyote arudipo kutoka Bungeni au mkutanoni, chama kimkaribishe kwa heshima na kimwulize maswali matatu. La kwanza: limekubaliwa nini, na limeandikwa wapi? La pili: fedha ni kiasi gani, zatoka mfuko upi, na kwa mwaka upi? La tatu: sisi wenyewe yatupasa kufanya nini, na kufikia tarehe gani? Majibu yaandikwe katika daftari la chama na kusomwa kila mkutano mkuu. Mali bila daftari huisha bila habari, na ahadi ni hivyo hivyo. Jambo likicheleweshwa mno, Kifungu cha 119 cha Katiba champa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na chama chetu kina vijana wajuao kuliandika.

Wapo watakaoona kuuliza ni utovu wa adabu. Wazee walisema mjumbe hauawi, nasi twakubali; lakini mjumbe huketishwa, hupewa maji, kisha huulizwa habari. Baba zetu wa 1957 wengi wao hawakuwa na kura, nao waliuliza. Sisi wenye kura tukinyamaza, tutawaambia nini wanetu?

Bwana Mwenyekiti, twaomba daftari hilo lifunguliwe leo kabla mkutano haujafungwa, na ukurasa wake wa kwanza uwe wa barabara za miwa.