Kazi Imekwisha, Kamba Bado Shingoni

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo nataka tuzungumze habari za kifungo kisicho na ukuta wala askari. Kifungo hiki ni karatasi. Mtu anapoandikwa kazi hupewa mkataba, na ndani yake mna sharti: ukiondoka hapa usifanye kazi kama hii kwa tajiri mwingine, mwaka mzima au miwili.

Jambo hili si geni kwetu Afrika ya Mashariki. Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, akakivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Tajiri aliandika humo siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kuachishwa. Asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu yule hakuweza kuandikwa kwingine kwa halali. Kipande kilitoka kwa Serikali. Karatasi ya leo inatoka kwa tajiri. Lakini shabaha ni moja: mfanya kazi asiende kwa anayelipa zaidi.

Tazameni Marekani. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba maduka ya Jimmy John's, yanayouza mikate ya kutiwa nyama, yaliwatia sahihi hata wapika mikate: kwa miaka miwili wasifanye kazi katika duka la namna hiyo lililo karibu na duka lao lolote kwa maili tatu. Jimbo la Illinois liliishitaki kampuni mwaka 2016, na kampuni ikakubali kuliacha sharti hilo.

Matajiri husema, "Tunalinda siri zetu." Siri gani iliyomo katika kukata mkate? Mwizi wa siri ana sheria yake. Na anayetaka mtu akae bure, amlishe: Ujerumani tajiri akimzuia hivyo aliyeacha kazi, hana budi kumlipa angalau nusu ya mshahara wake.

Wengine husema, "Alitia sahihi kwa hiari." Ndugu zangu, hiari iko wapi, mmoja ana kiwanda na mwingine ana watoto wenye njaa? Nguvu ya mfanya kazi mmoja mmoja ni kuweza kusema, "Naondoka." Ukimnyang'anya neno hilo, hana la kudaia nyongeza.

Wala biashara haifi akiachwa huru. California imeyabatilisha mapatano haya tangu 1872. Huko, mwaka 1957, mafundi wanane walimwacha bwana wao Shockley wakaanzisha Fairchild. Na mwaka 1968 wawili kati yao wakaanzisha Intel. Jimbo lilitajirika.

Lakini tusingoje wakubwa watuokoe. Tume ya Biashara ya Marekani ilikadiria kwamba watu milioni 30, mmoja katika kila wafanya kazi watano, wamefungwa hivyo. Mwaka 2024 ikatoa amri ya kuyafuta mapatano hayo. Mahakama ya Texas ikaitangua kabla haijaanza, na mwaka 2025 Tume yenyewe ikaacha rufani.

Basi tufanye nini? Usitie sahihi usichokisoma. Usiyejua kusoma, msomeshe mwenzio akusomee. Ukiliona sharti hilo, lipeleke kwenye chama chenu cha wafanya kazi. Mmoja akikataa ataambiwa, "Toka, wengine wako mlangoni." Wote wakikataa, tajiri atachukua kalamu alifute mwenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa.