Nauli ya Mnyonge ni Suala la Haki

Mada kwa viongozi wa walei na wanajumuiya



Tumeombwa kuzungumza nanyi juu ya usafiri wa umma. Huenda wako miongoni mwenu wanaojiuliza kwa nini Tume ya Haki na Amani ishughulike na nauli, stendi na trafiki, mambo ambayo yana wizara na mamlaka zake. Jibu letu ni fupi. Yuko mwanafunzi anayeachwa kituoni kwa sababu nauli yake ni ndogo. Yuko mama anayeteremsha mikungu ya ndizi kutoka Uru hadi soko la Mbuyuni, akarudi jioni faida yake ikiwa imemezwa na nauli. Yuko mgonjwa anayebanwa juu ya bodaboda, kati ya dereva na ndugu yake, ili afikishwe Mawenzi au KCMC. Hao ni jirani zetu, na yanayowapata hayakushuka kama mvua. Yametokana na maamuzi ya watu, na yaliyoamuliwa na watu yaweza kurekebishwa na watu.

Tulikotoka

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali ilijitwika jukumu la kuwasafirisha wananchi. Kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likaundwa shirika la UDA. Abiria wa masafa marefu walihudumiwa na KAMATA. Nia ilikuwa njema, nayo nauli ilikuwa nafuu. Lakini fedha za kigeni zilipoadimika vipuri navyo vikaadimika, na nauli iliyokusanywa haikutosha kuyatengeneza mabasi. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria jijini Dar es Salaam kwa shilingi 5, sarafu ambayo watu waliiita "dala". Ndipo lilipozaliwa jina la daladala, ambalo limetufikia hata sisi wa mlimani.

Tangu wakati huo Serikali imeyaachia mikono mingine magari mengi, lakini haikuacha kuamua. Ndiyo inayotoa leseni na kupanga njia, ndiyo inayoweka kikomo cha nauli, ndiyo inayojenga barabara na stendi, tena ndiyo inayosimamia usalama. Kazi ya leseni na nauli ilikuwa ya SUMATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, na mwaka 2019 ikakabidhiwa LATRA. Kwa hiyo tunapolipa nauli, tunalipa matokeo ya sera. Konda ni mkono tu unaoipokea.

Nauli na mzigo wa mtoto

Tarehe 8 Desemba 2023 vilianza kutumika viwango vipya. Kwa basi la daraja la kawaida kwenye barabara ya lami, nauli ilipanda kutoka shilingi 41.29 hadi shilingi 48.47 kwa kila kilomita. Maana yake, safari ya kilomita 500 iliyokuwa shilingi 20,645 ikawa shilingi 24,235. Kwa mabasi ya mijini, safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 ikawa 600. Nauli ya mwanafunzi ilibaki shilingi 200.

Hatusemi kwamba ongezeko hilo halikuwa na sababu. Bei ya mafuta ilipanda sana mwaka 2022, na mwenye gari anayepata hasara hatanunua matairi mapya. Lakini tuitazame nauli ya mwanafunzi kwa makini. Kwa viwango hivyo, kila mwanafunzi anayepanda kwa safari isiyozidi kilomita 10 humpunguzia konda shilingi 400. Konda huyo na dereva wake wanadaiwa hesabu ya tajiri jioni, mara nyingi bila mkataba wa ajira wala mshahara unaojulikana. Sheria imempa mtoto haki, lakini gharama ya haki hiyo imewekwa begani mwa maskini mwingine. Ndiyo maana wanafunzi wanasukumwa mlangoni na kuambiwa gari limejaa. Kumkemea konda ni sawa, maana mtoto hana kosa. Hata hivyo, taifa likitaka watoto wake wafike shuleni, halina budi kutenga fedha kwa ajili hiyo, iwe kwa mabasi ya wanafunzi au kwa unafuu kwa wanaowabeba.

Barabara tuliyokwisha kuilipia

Ndugu zetu wa Kibosho, Old Moshi, Kirua na Rombo wanafahamu masika yalivyo. Njia huteleza, daladala hukatisha ruti, na abiria hushuka katikati ya safari akatafute bodaboda, hivyo analipa mara mbili. Tukiuliza, tunaambiwa tuwe na subira kwa kuwa fedha ni chache.

Subira ni fadhila, lakini tukumbuke hesabu hii. Katika kila lita ya petroli na dizeli imo tozo ya barabara. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA, yaani za vijijini na mitaani. Mwenye bodaboda hulipa tozo hiyo kituo cha mafuta, naye abiria humrudishia katika nauli. Tena, viwango vya nauli za mabasi ya masafa marefu vimekuwa vikiipa kilomita ya vumbi bei ya juu kuliko ya lami, kwa kuwa vumbi na mawe hulichakaza gari. Basi yule aliyekosa barabara nzuri ndiye anayelipa zaidi kwa kuikosa. Anapodai barabara, haombi hisani; anauliza fedha yake imefanya kazi gani.

Uwekezaji wa Serikali unaweza kubadili maisha. Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi Dar es Salaam katika njia yenye urefu wa takriban kilomita 21. Desemba 2019 treni ya abiria ilirejea Moshi baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, ikawapa abiria wa kipato kidogo njia nyingine ya kufika nyumbani. Tunayafurahia hayo. Tunachoomba ni kwamba mizani isiishie mjini na kwenye njia kuu, bali ipande pia mlimani.

Usalama na mwezi wa Desemba

Tarehe 28 Juni 2025, katika wilaya ya Same, basi na basi dogo viligongana na kuteketea kwa moto. Watu wasiopungua 38 walifariki. Ilielezwa kuwa tairi la basi lilipata hitilafu na dereva akashindwa kulimudu. Tunawaombea marehemu. Pamoja na sala, tuulize: nani hukagua matairi, na dereva anayekimbizana na hesabu hulala saa ngapi? Tochi ya trafiki humkamata aendaye kasi. Haimkamati anayemlazimisha kukimbia.

Nayo Desemba yetu mnaijua. Watoto wa Kilimanjaro hurudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, mabasi hujaa, na LATRA hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada. Hapo ndipo wapiga debe hutaja bei wanayoitaka, na abiria hulipa bila tiketi kwa kuogopa kuikosa Noeli. Anayelipa bila tiketi amepoteza fedha na ushahidi.

Tufanye nini?

Kwanza, tudai tiketi yenye nauli na tarehe, na tujue basi ni la daraja gani. Pili, LATRA inapoitisha mkutano wa maoni kabla ya kubadili nauli, wasiende wenye mabasi peke yao. Liko pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, lililowekwa na sheria kwa ajili yetu. Tatu, katika mikutano ya kijiji na mtaa, tuulize barabara ipi imetengewa fedha, kiasi gani, na lini. Nne, miongoni mwetu wamo wenye daladala na bodaboda. Tunawasihi ndugu hao waandike mikataba na vijana wao na kupanga hesabu ambayo mtu anaweza kuifikisha bila kuhatarisha roho za watu.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Kutoka kwetu hadi mjini tunalipa shilingi ngapi, na kikomo kilichotangazwa ni kiasi gani?

2. Ni watoto wangapi wa Jumuiya yetu wanaochelewa shule kwa kukataliwa na daladala, na nani atalifikisha jambo hilo kwa diwani?

3. Ni barabara gani moja ambayo ikitengenezwa itawafaa wagonjwa na wakulima wetu kuliko nyingine zote?

4. Katika familia zetu, tunaoajiri madereva, je, tunawatendea haki?