Umemaliza Shahada ya Biashara, Wataka Kuwekeza Pesa za Nani?



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mliohudhuria. Siku hizi ukimuuliza kijana anayesoma MBA wataka kazi gani, atakwambia: "Nataka kuwekeza kwenye kampuni changa." Ni kazi nzuri, sikatai. Lakini wengi waiona kama mtu wa pwani atazamaye jahazi kwa mbali. Aona tanga, haoni wanaokumba maji ngamani.

Darasani mtasimuliwa habari za Georges Doriot, profesa wa Harvard Business School. Mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa walioanzisha American Research and Development, na mwaka 1957 kampuni hiyo ikatia dola 70,000 katika kampuni changa ya kompyuta iitwayo Digital Equipment Corporation. Hisa zile zikaja kuwa na thamani ya mamia ya mamilioni. Sawa. Lakini ilichukua miaka kama 10, na nyingine walizotia pesa hazikufika popote.

Haya, tupige hesabu. Mfuko wa uwekezaji ni pesa za watu: matajiri, mashirika, mifuko ya pensheni. Wasimamizi kwa kawaida huchukua asilimia 2 kwa mwaka za kuendeshea kazi, kisha asilimia 20 ya faida ikipatikana, na mfuko huishi miaka 10 hivi. Chukua mfuko wa dola milioni 10. Asilimia 2 ni dola 200,000. Humo toa kodi ya ofisi, wakili, mhasibu, safari, halafu ndio mishahara. Wataajiriwa wangapi? Pengine wanne, watano. Ndiyo maana nafasi hizi huzioni gazetini. Na ile asilimia 20, ikija, yaja wakati mtoto wako ashaingia shule.

Kwa hivyo rai yangu, na najua wazazi hawataipenda baada ya karo waliyolipa: usikae nyumbani ukingoja mfuko ukuite. Nenda kafanye kazi ndani ya kampuni changa miaka miwili mitatu. Uza bidhaa, dai madeni, hesabu stoki usiku. Hapa kwetu Copia ilianza 2013 ikiwapelekea watu wa mashambani bidhaa kupitia wenye maduka. Ilikusanya mamilioni ya dola kwa wawekezaji, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi. Aliyewahi kulipa gharama ya pikipiki kupeleka unga kijijini atauliza maswali ambayo mwenye jedwali la kompyuta peke yake hatayafikiria.

Sasa jambo linalotuhusu sisi. Kazi hii yafanana sana na mudharaba: mmoja atoa mali, mwingine atoa kazi, faida yagawanywa kwa fungu walilokubaliana, na hasara ya mali ni ya mwenye mali, madhali mfanyakazi hakuzembea wala kuvunja sharti. Lakini kufanana si kuwa sawasawa. Mikataba mingi ya mwanzo ni mkopo wenye riba unaogeuka hisa baadaye. Kuna hisa za upendeleo pia, ambapo mwekezaji arudishiwa mtaji wake kwanza kabla mwenye kampuni hajapata senti. Utawekewa karatasi hizo mezani wiki yako ya kwanza, na hapo bosi hakungoji uende kumuuliza sheikh. Soma mapema. Mwaka 2013 Y Combinator ya Marekani ilitoa mkataba uitwao SAFE, usio na riba wala tarehe ya kulipa. Hiyo haina maana ushakuwa halali kwa kila sharti lake, lakini yaonyesha kwamba riba si lazima, na kijana aweza kusema ofisini, kwa adabu, "tutumie huu."

Na msingoje kuajiriwa ndipo muanze. Chukua daftari, chagua kampuni changa tano za Nairobi au Mombasa. Andika ungeweka pesa au usingeweka, na kwa nini, utie tarehe. Ramadhani ijayo, insha Allah, lifungue. Ukiomba kazi nenda nalo, hata kama kurasa tatu umekosea.

Wabillahi tawfiq. Nitayapokea maswali.