Kutunza Hita ya Maji

Somo letu la leo ni juu ya hita, yaani tangi la umeme lipashalo maji ya kuogea. Hita ni kitu cha fedha nyingi. Ikitunzwa hudumu miaka mingi. Isipotunzwa huoza kwa ndani, na kwa nje ingali inang'aa.

Je, adui wa hita ni nani? Ni vitu vilivyomo katika maji. Nyinyi wa pwani, tazameni ndani ya birika zenu. Maji ya visima vya Unguja na Mombasa hupita katika mawe ya matumbawe, nayo huchukua chokaa. Yakipata moto, chokaa huganda kama ukoko wa wali. Ndani ya hita, ukoko huo huifunika koili, yaani kile chuma kitoacho moto. Joto likikosa njia, koili huungua.

Basi safisheni tangi mara moja kila mwaka. Andikeni hatua hizi katika daftari:

1. Zimeni umeme wa hita kwenye swichi kuu. Ngojeni maji yapoe.

2. Fungeni koki ya maji yaingiayo. Fungueni bomba la maji ya moto ili hewa iingie.

3. Fungueni koki ya chini, maji yatoke pamoja na uchafu. Kama koki hiyo haipo, mwiteni fundi.

4. Fungeni koki ya chini. Jazeni tangi mpaka maji yatoke bombani bila kukatika. Ndipo muwashe umeme. Koili ikiwashwa pasipo maji huungua.

Matangi mengi ya chuma yana fimbo ya magnesiamu ndani. Kazi yake ni kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe. Fundi aitazame kila mwaka. Ikiwa imebaki waya mtupu, aweke nyingine.

Sasa sikilizeni vizuri. Maji yakipata moto huongezeka. Lita 50 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka karibu robo tatu ya lita. Ziada hiyo hutoka kwa matone kwenye vali ya usalama. Wako watu waonao matone hayo wakaiziba vali kwa kijiti au kitambaa. Msithubutu! Tangi lililozibwa laweza kupasuka na kuua. Vali ikivuja hata hita ikiwa baridi, mwiteni fundi.

Mwisho, wekeni joto nyuzi 60. Likizidi, chokaa huganda upesi. Likipungua sana, vijidudu huzaliana. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi. Yachanganyeni na ya baridi kabla ya kumwogesha mtoto.

Maswali ya kujibu kwa kuandika:

1. Ukoko wa hita hutokana na nini?

2. Kwa nini tangi hujazwa kabla ya kuwasha umeme?

3. Kwa nini ni hatari kuziba vali ya usalama?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.